Siku Tuliyoketi Ukingoni mwa Majaruba

Juzi mjukuu wangu Mwanaidi, anayefanya kazi katika nyumba ya wageni kule Kilwa Masoko, alikuja kunitazama hapa Mitwero. Alivua viatu, akajitupa mkekani, akaanza: miguu inauma, bosi hasikii la mtu, zamu ya asubuhi inaungana na ya jioni, na chakula cha mchana ni majaliwa. Mama yake akamkatiza papo hapo.

"Wewe nawe! Bibi yako kakomba chumvi miaka mingapi, umewahi kusikia kalalamika? Wenzenu walivumilia."

Mimi nilikuwa nachambua mchele. Nikauweka ungo chini. Nani kawaambia tulivumilia? Tulilalamika asubuhi, tukalalamika mchana, na njiani tukirudi tukalalamika kwa zamu ili kila mtu apate nafasi yake. Ila tulikuwa tunalalamika huku tunacheka, na ndiyo maana watu wanadhani tulikuwa tumeridhika. Basi nimeona bora nieleze mwenyewe, kabla hamjafanywa wavivu kwa ajili ya sifa ambazo sisi wazee hatukustahili.

Kwa asiyejua, jaruba la chumvi ni kama shamba la mpunga lisilo na mpunga. Ni kitalu cha udongo chenye kingo fupi. Bamvua likija, bahari ikajaa kupita kawaida, tunafungua mlango, maji ya bahari yanaingia bwawa kubwa, halafu tunayahamisha jaruba hadi jaruba. Kila yanapohama jua linayapunguza, mpaka jaruba la mwisho yanaganda meupe. Hapo ndipo tunaingia sisi na reki na makarai. Kazi ni ya kiangazi tu. Mvua ikinyesha, chumvi iliyobaki chini inarudi kuwa maji, nanyi mnarudi shambani kulima mtama na mihogo.

Aliyenifundisha ni Bi Asumini, mwanamke wa hapa pwani, mwembamba kama mpini wa jembe, na sauti yake ilisikika majaruba sita bila yeye kujitahidi. Yeye ndiye aliyeshika maji, maana yake yeye ndiye anayesema lini yahame na lini yaachwe. Hakuwa na chombo chochote cha kupimia. Alikuwa na yai bichi ndani ya kopo. Analitumbukiza: likizama, maji bado machanga, likielea na kutoa kipara juu, maji yameiva.

Mimi siku yangu ya tatu kazini sikuwa nayajua hayo. Nilikuja na njaa, nikaona yai limekaa kwenye kopo juu ya ukingo, nikajiambia, huyu mama ana moyo, kaniwekea. Nikalichemsha ndani ya kisufuria cha chai, nikalila. Lilikuwa na chumvi ya kutosha, nakumbuka. Baadaye Bi Asumini akaja, akaangalia kopo, akaniangalia mdomo.

"Wewe binti, umekula kipimo cha shirika."

Wanawake arobaini walicheka hadi wengine wakakaa chini. Tangu siku ile nikawa Fatu Yai. Jina la baba yangu halijawahi kutumika tena pwani hii, na mkienda leo kumuuliza mtu habari za Fatuma binti Issa mtaambiwa hajulikani.

Niliposema shirika, namaanisha enzi zile majaruba yalipokuwa mali ya umma. Sitawadanganya kwamba mshahara ulikuwa mkubwa. Ulikuwa mdogo na ulikuja umechelewa. Lakini trekta lilituletea maji ya kunywa kila asubuhi, kulikuwa na banda la kupumzikia, na ukikatwa mguu ulipelekwa zahanati bila kuulizwa nani atafanya kazi yako. Halafu zikaja zile zama za ruksa. Mashirika yakauzwa moja moja, na letu likapata tajiri kutoka Dar es Salaam. Tajiri mwenyewe hatukumwona. Trekta tuliliona, likiondoka. Banda likaanguka msimu wa kwanza na hakuna aliyelisimamisha. Sisi tukaambiwa ajira imekwisha, sasa ni vibarua, tutalipwa kwa kiroba. Na viroba vyenyewe vikaanza kunenepa. Kila msimu vinakuja vikubwa zaidi, malipo yaleyale. Anastazia alikuwa akisema, "Mwakani watatuletea neti za mbu tujaze."

Anastazia alikuwa shoga yangu. Mmakonde, Mkristo, kwao Kilangala. Kila kiangazi alishuka kuja kukomba chumvi, akafikia kwangu, na mvua zikikaribia alirudi kulima. Alikuwa amesoma hadi darasa la saba na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa karani. Mdomo wake ndio ulikuwa mzuri zaidi.

Msimamizi aliyeletwa na tajiri aliitwa Hamza. Kijana wa mjini, miaka thelathini hivi, miwani myeusi, mwavuli, viatu vya ngozi vinavyong'aa. Viatu vile vilidumu wiki mbili. Maji ya chumvi hayana adabu kwa ngozi ya ng'ombe wala ya mtu. Yalivikausha vikajikunja kama makaa ya kifuu. Siku ya kwanza alisimama juu ya ukingo, akatutazama, akauliza:

"Hawa wanakuja kazini au wanakwenda harusini?"

Kwa sababu sote tulikuwa tumepaka wanja. Wanangu, chumvi nyeupe kwenye jua la saa sita inachoma macho kama moshi wa pilipili. Ukipaka wanja mzito juu na chini, na ukishusha kanga hadi kwenye nyusi, mwanga unapungua makali. Bi Asumini alitufundisha hivyo, na alikuwa haruhusu uingie jarubani macho matupu. Basi ndivyo tulivyokuwa: miguu imepasuka kama udongo wa kiangazi, nguo zimekauka zinasimama zenyewe, na macho ya bibi harusi.

"Harusini," Bi Asumini akamjibu. "Mahari bado hujaleta."

Hamza hakucheka. Alikuwa na neno moja alilokuja nalo kutoka mjini, na alilitumia kwa kila jambo kama mtu mwenye dawa moja ya magonjwa yote. Tukisema hakuna maji ya kunywa: "Hii sasa ni soko huria, mama. Kila mtu aje na yake." Tukisema viroba vimekua: "Soko huria. Asiyetaka aache, wapo wanaotaka." Tukiomba kupumzika saa sita: "Soko huria halipumziki."

Kwa hiyo nasi tukalichukua. Mtu akiazima chumvi jirani anaambiwa soko huria. Mtoto akililia uji, soko huria. Mume wangu Salumu, aliyekuwa fundi baiskeli hapa Mitwero, akiniuliza mbona ugali umechelewa, namwambia soko huria halina saa. Akanijibu, "Basi na mimi kesho nitakwenda kula soko la pili." Tulicheka, lakini sikuchelewesha tena.

Kitu kimoja Hamza hakuthubutu kutunyima: Swala. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kuswali. Ikifika adhuhuri tulitoka, tukatawadha kwa maji ya kibuyu tuliyokuja nayo, tukaswali chini ya mikoko. Zilikuwa dakika chache za kivuli, na tulizipenda kwa sababu zote mbili, Mungu atusamehe. Siku moja Hamza akagundua kwamba Anastazia naye hutoka.

"Wewe si Mkristo?"

"Mimi ni Mkristo."

"Sasa unakwenda wapi?"

"Nawasindikiza wenzangu. Kwetu mgeni hasindikizwi nusu njia."

Hamza akampisha apite. Nadhani ndiyo siku ya kwanza tulipoona kwamba ndani ya miwani ile mlikuwa na mtu.

Sasa nisije nikawafanya mfikiri ilikuwa sherehe. Miguu ndiyo iliyotumaliza. Ukiingia jarubani peku, fuwele za chumvi zinakukata vidogo vidogo, hujui hata lini, na maji yale yanaingia kwenye kila mkato. Kidonda cha chumvi hakiozi, lakini hakifungi pia. Tulipaka mafuta ya nazi kabla ya kuingia. Kabla, nasema. Ukipaka baada ya kutoka, kabla ya kuosha, umejikaanga. Halafu jioni unaosha kwa maji baridi ya kisima na kufunga kitambaa. Bado kuna wanawake waliotembea kwa visigino miezi mitatu. Na uchovu ule haukuwa wa mwili tu. Ilifika mahali unaamka asubuhi, hujaguswa na jua bado, umeshachoka. Unamwangalia mtoto wako anazungumza na humsikii anachosema. Leo mna jina lake nyie vijana, sisi hatukuwa na jina, tulisema tu "leo niko lakini sipo."

Ilikuwa mwisho wa kiangazi, majaruba yote yameganda, mavuno makubwa kuliko yote tuliyowahi kuyaona. Hamza alikuwa akikimbia huku na huku kama kuku aliyeona mwewe. Saa sita hivi, Anastazia alikuwa mbele yangu anavuta reki. Nikaona reki imesimama. Halafu nikaona anakaa polepole, kama mtu anayekaribishwa kiti, akaanguka ubavu ndani ya maji ya chumvi.

Tulimbeba hadi ukingoni. Midomo yake ilikuwa imekauka imepasuka. Kibuyu chake kilikuwa kitupu, changu kitupu, vya wenzangu vitupu. Kisima kilikuwa mbali, huko nyuma ya mikoko. Tulimpepea kwa kanga. Hamza akaja, akatazama, akasema maneno ambayo nadhani hata yeye aliyajutia kabla hayajafika chini:

"Akipata nafuu arudi. Kiroba chake hakijajaa."

Bi Asumini hakupiga kelele. Hilo ndilo lililotutisha. Alichomeka reki yake kwenye udongo wa ukingo, akatandika kanga, akaketi. Mimi nikachomeka yangu. Mmoja baada ya mwingine, reki arobaini zikasimama ukingoni kama uzio, na sisi tukakaa chini yake. Mwanamke mmoja akapelekwa kisimani kuleta maji. Anastazia alipofumbua macho na kutuona tumekaa wote mchana kweupe, aliuliza:

"Nimekufa? Mbona mnapumzika?"

Hamza aliongea sana siku ile. Sisi tulimsikiliza vizuri. Alipomaliza, Bi Asumini akasema, "Mwanangu, umetuambia siku zote kwamba hili ni soko. Sisi leo tumekuja sokoni. Tunauza kazi. Bei yake ni pipa la maji ya kunywa, banda, kupumzika saa sita, viatu vya jarubani, na kiroba kirudi kilivyokuwa. Ukiona ghali, pita. Soko huria."

Akapita.

Jioni ile, tukiwa njiani kurudi, Hamza alinifuata kwa pikipiki. Akawaacha wenzangu wapite, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ameona mimi nina akili. Anataka mnyapara. Mshahara wa mwezi, si kiroba. Hata kipindi cha mvua ningelipwa. Kazi yangu ni moja tu: kesho niwarudishe wanawake jarubani.

Wanangu, nitawaambia kweli. Nilitaka. Paa langu lilikuwa linavuja vyumba vyote viwili, na mtoto wangu wa pili alikuwa amerudishwa nyumbani kutoka shule kwa kukosa sare. Sikusema ndiyo, lakini sikusema hapana. Nilisema, "Nitafikiri," na nilipowafikia wenzangu wakaniuliza alitaka nini, nikasema kauliza njia. Anastazia akanitazama tu. Njia ilikuwa moja.

Nyumbani nikamweleza Salumu. Alikuwa akiziba pancha, hakuinua kichwa.

"Chukua," akasema. "Ni hela nzuri."

"Unasema kweli?"

"Kweli. Ila kesho kutwa ukifiwa, mwambie Hamza aje kukanda unga."

Asubuhi nilikuwa wa kwanza kufika. Walipokusanyika nikawaambia yote, na kwamba jana niliwadanganya. Bi Asumini akakohoa.

"Kumbe kakuchagua mnyapara. Hajakosea. Na sisi tunakuchagua huyohuyo. Nenda kamwambie umekubali, lakini utasema kwa niaba ya walioketi."

Sijui kama mmewahi kusamehewa na watu arobaini kwa mara moja. Miguu yangu ilikuwa na vidonda na sikuisikia. Nikaenda kwa Hamza nikamwambia hivyohivyo. Akavua miwani, akaifuta, akairudisha. Halafu akapanda pikipiki akaenda mjini, na baada ya saa mbili akarudi na lori lililojaa wanaume, wapagazi wa sokoni Lindi, vifua kama milango.

Hapo tuliogopa. Nisiwafiche. Bi Asumini alikuwa na wajukuu yatima watano wanaokula kwa mkono wake. Kama wale wangeweza kazi, sisi ndio basi tena.

Wapagazi wakatucheka. "Hii ndiyo kazi yenyewe? Kufagia?" Wakavua viatu, wakachukua reki, wakaingia.

Sasa sikilizeni, maana hii ni elimu. Jaruba halikwanguliwi hadi chini. Mavuno ya kwanza ya msimu unaiacha chumvi ya unene wa kidole, inashika, inakuwa kama mkeka juu ya udongo. Ukivuna unavuta reki kwa mkono mwepesi, unachukua kilicho juu ya mkeka tu. Hujifunzi hilo siku moja. Mimi lilinichukua kiangazi kizima. Wapagazi wale walivuta kwa nguvu walizozoea kuvutia magunia. Mkeka ukapasuka, udongo ukapanda, na chumvi iliyokuwa nyeupe kama jino la mtoto ikawa rangi ya chai ya maziwa. Kadiri walivyoona imechafuka ndivyo walivyozidi kukwangua wakitafuta nyeupe.

Sisi tulikaa tumepanga mstari. Halafu mmoja akaguna. Halafu Anastazia, aliyekuwa bado amejilaza, akasema, "Nangu naomba sukari," yaani yeye, kwa Kimakonde chao, anaomba sukari kwa ile chai. Hapo tukapasuka.

Saa tano wa kwanza alitoka akichechemea. Saa sita walikuwa wametoka wote. Mmoja, mkubwa kuliko wenzake, alikuja taratibu hadi tulipokaa, akasimama kwa mguu mmoja.

"Dada zangu, samahani. Hamna mafuta kidogo?"

"Yapo," Anastazia akamwambia. "Lakini kwanza maji baridi, mafuta baadaye. Kaa hapa."

Akakaa. Na wenzake wakaja wakakaa. Kwa hiyo Hamza alipotoka kwenye kibanda chake kutazama kazi, alikuta jaruba moja la chai ya maziwa, majaruba yaliyobaki hayajaguswa, na wagomaji wameongezeka.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo sisi tulilijua na yeye hakulijua. Asubuhi ile chumvi ilikuwa imetoa jasho. Ukiishika inakunata mkononi, na upepo ulikuwa umekufa. Chumvi ikianza jasho alfajiri, hesabu siku nne, tano ukiwa na bahati, mvua hiyo. Bi Asumini alimwita akamwonyesha. Akamshika mkono wake akaupaka chumvi. "Haya, inua. Unaona inavyong'ang'ania? Na angalia kule bara." Mawingu yalikuwa yamejikusanya kama kondoo.

Hamza alikwenda peke yake hadi katikati ya ukingo, akasimama. Viatu vyake vipya navyo vilikuwa vimeanza kujikunja. Akavivua. Akaja kwetu peku, viatu mkononi, akachuchumaa mbele ya Bi Asumini. Na yule kijana, ambaye kwa misimu miwili alipita mbele ya mama zake kama anapita mbele ya viroba, akasema:

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba, mwanangu," Bi Asumini akaitikia. "Sasa tunaweza kuzungumza."

Siku hizo simu za mkononi hazikuwepo. Hamza alikwenda posta mjini kumpigia tajiri, akarudi: maji sawa, banda sawa, kupumzika sawa, kiroba kitapunguzwa. Mabuti ya mpira, tajiri amesema ataangalia.

"Basi na chumvi itaangalia mvua," Bi Asumini akasema.

Hamza akajishika kichwa. "Mama, nisikilizeni. Mabuti nitakwenda kuyakopa dukani kwa jina langu. Tajiri nitamwambia mkishamaliza kuvuna. Akikataa, mimi na nyinyi tutakuwa vibarua pamoja."

Hapo nikampenda. Anastazia, ambaye hakuwa mtu wa kupenda haraka, akamwomba karatasi na kalamu. Akaandika kila kitu kwa mwandiko wake ule, akausoma kwa sauti, Hamza akatia sahihi juu ya goti lake.

Tukaingia jarubani kama watu wanaoingia ngomani. Siku tatu tulivuna, wapagazi wakibeba na sisi tukikomba, kila mtu mahali panapomfaa. Nyimbo ambazo Hamza alikuwa akizikataza ziliimbwa zote, pamoja na moja mpya iliyomhusu yeye, na siwezi kuwaandikia maneno yake. Pipa la maji lilikuja siku ya kwanza. Mabuti yalikuja siku ya pili, jozi arobaini, na yote ya ukubwa mmoja. Namba kumi. Hamza alikuwa ameingia dukani akasema "mabuti arobaini" bila kukumbuka kwamba miguu hutofautiana. Tulitembea kama mabata. Ukikanyaga penye tope laini, buti linabaki na wewe unaendelea. Bi Asumini aliacha moja nyuma, akapiga hatua tatu nzima kabla hajagundua, akageuka akalikuta limesimama peke yake linamsubiri. Hamza alicheka mpaka akalazimika kukaa juu ya toroli. Jioni tukapasua kanga kuukuu, tukajazia vidoleni, na miguu yangu, kwa mara ya kwanza tangu niolewe, ikalala bila kuuma.

Siku ya nne tukafunika rundo la mwisho kwa makuti. Tone la kwanza lilimwangukia Anastazia puani. Tulisimama palepale tukalowa, wanja ukatiririka mashavuni, tukaonekana kama watu waliofiwa, nasi tulikuwa tumefurahi kupita kiasi.

Nisiwaongopee kwamba tulipata kila kitu. Malipo yalibaki madogo hadi nastaafu. Ukiugua, ulikula ulichoweka. Bi Asumini aliacha kazi macho yamefifia na hakupewa hata barua ya asante. Tulichanga sisi wenyewe tukamnunulia mbuzi wawili. Tajiri alikasirika kuhusu mabuti, tukasikia, lakini alipoona chumvi nyeupe imejaa ghala, hasira ikaenda kutafuta kazi nyingine.

Ila nataka mjue habari ya msimu uliofuata. Kiangazi kilipoingia tulikwenda majarubani tumejiandaa kwa ugomvi. Anastazia alikuwa ameteremka kutoka Kilangala na ile karatasi ameikunja ndani ya leso, tayari kuisoma kwa sauti. Tulikuta banda limeezekwa makuti mapya. Pipa limejaa, na kikombe juu yake. Hamza alitoka, amevaa buti la mpira kama sisi, akatusalimia mmoja mmoja kwa jina. Halafu akamkaribisha Bi Asumini kivulini, akamuuliza:

"Mama, mwaka huu mnataka nini?"

Katika maneno yote tuliyoyapanga njiani, hakuna aliyepanga jibu la swali hilo, maana hatukuwahi kuulizwa. Bi Asumini akatandika kanga yake, akaketi, akatuita sote tuketi.

"Subiri kidogo," akamwambia. "Tuulizane."

Tukaulizana hadi adhuhuri. Naye akasubiri.